Gambuti la kulia limebaki Biebrza

Naona Baraka ameshawarushia video ya mimi nikizama kinamasini, tena kaikata, imeanzia pale ninapopiga yowe. Haya, sikilizeni yote.

Pale panaitwa Długa Luka, gmina ya Trzcianne, halmashauri ya vijijini kaskazini mashariki mwa Polandi, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Biebrza. Ni njia ya mbao ya kama mita 400 inayoingia kinamasini. Tulikwenda jioni ya Mei kwa sababu ya wodniczka, kidege chenye michirizi myeusi mgongoni. Dume huimba zaidi jua likizama. Majira ya baridi huyo yuko zake Afrika Magharibi. Ana akili kunizidi mimi niliyehamia huku.

Akatokea mzee na darubini ya miguu mitatu begani. Njia nyembamba. Nimelelewa Tanga mimi, mzee akija anapishwa. Nikarudi nyuma hatua moja.

Zile nyasi mnazoziona kwenye video si ardhi, ni mkeka wa mizizi. Chini yake kuna maji na mboji, mimea ya miaka na miaka iliyorundikana bila kuoza vizuri kwa kukosa hewa. Mguu wa kulia ukautoboa mkeka taratibu. Kifundo. Shavu la mguu. Goti. Maji yakaingia gambuti kwa juu, baridi hiyo jamani! Wa kushoto ukateleza kwenye mbao, ukamfuata mwenzake. (Ndipo lile yowe.) Nikauvuta wa kulia kwa nguvu. Ukivuta wima, hewa haipiti chini ya soli, tope linanyonya, na uzito wote unauzamisha mguu wa pili.

Mzee akatua darubini yake bila haraka, akanionyesha kwa mikono: kalia mbao. Nikakaa, uzito ukatoka miguuni. Chezesha kisigino, maji yapenye pembeni, halafu chomoa mguu, achana na kiatu. Wa kushoto ulitoka na gambuti lake. Wa kulia ulitoka na nusu soksi.

Ng'ambo alisimama łoś, jamii ya kulungu lakini mrefu kama farasi, anatafuna. Kwato zake hutanuka, kinamasi kwake ni sebuleni. Baraka akahamishia kamera kwake!

Kisha mbu, gari, mfuko wa plastiki mguuni, mji wa Białystok, kuoga.

Nina gambuti la kushoto, namba 43, zima kabisa. Aliyepoteza la kushoto aje inboksi.