Kwaya nunueni koni ya karatasi

Mtu akienda Mbeya mjini kutafuta spika ya inchi 15 ya kwaya, macho huvutwa na koni (ule uso wa spika unaotikisika na kutoa sauti) ya njano iliyosukwa kama mkeka, au ya alumini inayong'aa. Mimi nasema chukua ya karatasi.

Koni inatakiwa iwe nyepesi, iwe ngumu, na isivume yenyewe. Alumini ni ngumu kweli, lakini sauti zikipanda hulia kama sufuria iliyogongwa. Plastiki ya polipropilini haiogopi maji, ila hupinda ikisukumwa kwa nguvu. Berili, metali nyepesi, ni bora sana kwenye tuita, yaani spika ndogo ya sauti za juu, lakini bei yake ni kubwa na vumbi lake ni sumu ya mapafu. Karatasi ina nyuzi za mti zilizoshikamana, na kusuguana kwa nyuzi hizo ndiko kunakomeza mlio usiotakiwa. Nyuzi za msonobari, mti uleule unaopandwa Mufindi, ni ndefu, kwa hiyo koni haichaniki ovyo.

Kinachoua spika Tukuyu, kwenye mvua na ukungu, ni ukingo wa sponji, ule mkanda unaoshikisha koni kwenye fremu. Unyevu huivunjavunja sponji yenyewe: ukiibonyeza kwa kidole, kinatoka na unga unaonata. Tafuta ukingo wa kitambaa chenye mikunjo, uliopakwa dawa.

Kama sponji imeshakwisha, usitupe spika. Pima koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, kwa mita ya umeme: omu (kipimo cha ukinzani) 6 hivi kwenye spika ya omu 8 ni salama. Kwangua sponji na gundi yote ya zamani, kata kifuniko cha katikati, kisha chomeka vipande vinne vya filamu ya eksirei kuzunguka koili ili isimame katikati. Gundisha ukingo mpya, acha saa 24, ndipo uvitoe. Sukuma koni kwa vidole vya mikono miwili, taratibu. Ukisikia mkwaruzo, koili imeegemea chuma na itaungua. Bandua uanze upya. Kifuniko hurudi mwisho.

Na jamani, viraka vya koni iliyochanika! Kitambaa kinene na gundi ya mbao vinaweza kuongeza gramu 10. Kama sehemu inayocheza ilikuwa na gramu 30, spika inapoteza desibeli 2.5 za sauti, na amplifaya italazimika kutoa karibu mara 1.8 ya nguvu kufikia sauti ileile. Koili ndiyo itakayobeba joto la nguvu hiyo. Karatasi laini ya shashi, pande zote mbili, na gundi iliyochanganywa na maji vinatosha.