Tubishane Kuhusu Ala Kabla ya Chemba

Wanaobishana iwapo bastola ya kujilinda ibebwe ikiwa imekokiwa, yaani risasi ikiwa tayari ndani ya chemba inamofyatukia, au chemba ikiwa tupu hukazia macho risasi na kuisahau ala, yaani mfuko wa kubebea bastola. Zamani hofu ya bastola kufyatuka yenyewe ilikuwa na msingi: katika rivolva ya Colt ya mwaka 1873, nyundo ikilala, pini yake iliegemea fataki ya risasi, yaani kilipuzi kidogo kilicho kitakoni mwake, hivyo pigo la ghafla lingeweza kuifyatua, na ndiyo sababu wabebaji waangalifu walitia risasi 5 katika silinda ya risasi 6 na kulaza nyundo juu ya tundu tupu. Lakini bastola ya Glock 17, iliyotoka Austria mwanzoni mwa miaka ya 1980, ina kizuizi kinachoishikilia pini hadi kifyatulio kivutwe. Si kwamba kila bastola mpya ni salama, kwani mwaka 2017 kampuni ya SIG Sauer ililazimika kutoa marekebisho ya bure kwa bastola yake ya P320 baada ya kuonekana kwamba ikianguka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka.

Hata hivyo, bastola iliyo nzima haina budi kuvutwa kifyatulio ndipo ifyatuke, na kinachokivuta si lazima kiwe kidole. Novemba 2008 Plaxico Burress, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, aliingia klabu moja ya New York na Glock aliyoichomeka kiunoni bila ala. Ilipoteleza akajaribu kuidaka, akajipiga risasi pajani, kisha akahukumiwa kifungo cha miaka 2 kwa kosa la silaha. Ala ngumu inayofunika kifyatulio chote ingetosha kuzuia yote hayo.

Hatari kubwa zaidi, naamini, ni wakati wa kuirudisha bastola alani, kwa sababu pindo la shati au kamba ya koti ikitangulia ndani hufanya kazi ya kidole. Hapo hakuna sababu ya haraka: kidole kinyooshwe ubavuni mwa bastola, nguo ivutwe kando, macho yatazame.

Wapo wanaoacha chemba tupu na kukoki wanapochomoa, na siwadharau, ingawa njia hiyo hudai mikono miwili katika dakika ambayo mmoja huenda umeshikwa. Kwa asiyefanya mazoezi mara kwa mara, au anayeona ala ngumu inambana kiuno, chemba tupu ndiyo inayomfaa.