Mizigo 400 Chini ya Mti Mkubwa

Nilipopita pale na baiskeli asubuhi ya Jumatatu, shimo lilikuwa limeshamfika mchimbaji kiunoni. Lilikuwa chini ya mwembe, mbele ya nyumba moja ya zamani mtaani kwetu hapa Tabora. Watu wanane, majembe matatu, sururu moja, na mzee mmoja aliyekalia ndoo iliyopinduliwa, kazi yake kunyoosha kidole. Nikasimama, nikauliza kulikoni.

"Bomba," akanijibu mmoja bila kuinua uso.

Tabora mtu akikwambia anachimba bomba, na bomba lenyewe halionekani, ujue anatafuta mali ya Mjerumani. Wala siwacheki, maana mji huu una sababu zake. Mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vimewabana, Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu humu humu mjini, kwenye karakana ya reli: rupia 15, upande mmoja tembo. Septemba ya mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia. Tangu hapo kila mtoto wa Tabora ana babu anayejua sanduku lilipobaki. Nikatabasamu, nikaweka mguu kwenye pedali niondoke. Ndipo nikaiona karatasi aliyoshika mzee wa ndoo.

Ilikuwa ramani yangu.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Kila Jumamosi saa kumi jioni, watu watano tunakutana kibarazani kwa fundi baiskeli na kutunga dola za kale ambazo hazikuwahi kuwepo. Tunachukua historia ya kweli, tunageuza jambo moja, halafu tunaiacha itembee tuone itafika wapi. Kila mtu ana watu wake: anawalima, anawaoza, anawapiganisha. Zamu moja ni miaka 25, na njaa na mvua vinaamuliwa kwa dadu mbili. Kila kitu kinaandikwa kwenye kaunta buku moja, na sheria ni hii: penseli ni pendekezo, wino ni historia. Kilichoandikwa kwa peni kimetokea, na hakifutwi na yeyote, hata na aliyekiandika. Sheria hiyo niliitunga mimi. Mtunza daftari pia ni mimi, na nakiri kwamba nina ukali wa karani wa mahakama ya mwanzo.

Ukali huo una sababu. Mgeni akija kwenye mchezo huu huanza na mfalme. Ana jina la mfalme, kiti cha mfalme, wake saba wa mfalme. Ukimuuliza wote hao wanakula nini, anakuangalia kama umemtukana mama yake. Dola huanzia tumboni: maji kwanza, halafu chakula, chumvi, chuma, njia, na mtemi aje mwisho kabisa akute watu wameshashiba. Sisi tulianzia mwaka 500. Maana yake mashamba yetu ni mtama, uwele, ulezi, kunde na njugu mawe. Mahindi hayapo. Karanga, maharage, viazi vitamu, nyanya, pilipili, vyote havipo, kwa sababu asili yake ni bara la Amerika na vilivuka bahari baada ya 1492.

Muhogo nao haupo, na hapo ndipo mwalimu wa jiografia aliponikasirikia. Alikuwa ametunga Sikukuu ya Muhogo, kurasa mbili nzima, na ngoma zake, na wazee wanaonja unga wa kwanza kwa mpangilio wa koo. Ilikuwa nzuri kweli. Bahati mbaya ilikuwa kwa penseli. Niliifuta mwenyewe, nikapuliza takataka za raba zikamwangukia mapajani. Wiki mbili alikuwa ananiitikia salamu kwa kidevu.

Fundi baiskeli yeye alitaka wapanda farasi 2,000. Farasi kwenye mapori haya ya miombo? Mbung'o wana ugonjwa wa nagana, na farasi hawauhimili. Nikamuulia wote 2,000 kabla chai haijapoa. Akarudi na askari wa miguu 5,000, waende kuteka Uvinza, kule Kigoma.

Uvinza ndiyo roho ya mchezo wetu. Chemchemi za maji chumvi zile ni za kweli, na watu wamechemsha chumvi pale tangu karne ya 5 au ya 6. Jambo tuliloligeuza ni moja tu: ukoo mmoja ukazishika chemchemi zote na kumkataza kila mwingine kuinjika chungu. Maji yakiwa na chumvi ya asilimia 10, kupata kilo moja unachemsha kilo 10 za maji mpaka tisa zipae, na kwa mafiga matatu sisi tumekadiria kuni kilo 10 kwa kila kilo ya chumvi. Kwa hiyo dola ya chumvi inakula msitu wake yenyewe, kila zamu kuni ziko mbali zaidi. Watu wakisikia "ufalme wa chumvi" wanawaza utajiri. Mimi nawaza nani anabeba kuni.

Turudi kwa askari 5,000. Toka huku hadi Uvinza ni kilomita 300 hivi. Ukitembea kilomita 20 kwa siku ni siku 15. Mtu mmoja anakula kilo moja ya nafaka kwa siku, kwa hiyo askari wanahitaji kilo 75,000 ili wafike tu. Mpagazi anabeba kilo 30. Utasema basi wapagazi 2,500 wanatosha. Hawatoshi, kwa sababu mpagazi naye ana mdomo: siku 15 ameshakula kilo 15, nusu ya alichobeba. Unahitaji wapagazi 5,000, na hapo wote hawajarudi nyumbani. Atakayekwenda na kurudi kwa siku 30 amekula mzigo wote, amebaki na kamba.

"Watakula njiani kwa watu," fundi akasema.

"Watu gani? Vijiji umeviandika?"

Hakuwa ameviandika. Mimi nilikuwa navyo. Katikati ya njia nilikuwa na mji wangu, Ilungwesi, jina ambalo ni la tatu, maana la kwanza lilipigiwa makofi ya kejeli na la pili bibi jirani alipolisikia akauliza nani amewafundisha matusi ya Kinyamwezi. Ukitunga jina lisome kwa sauti mbele ya mzee kabla hujaweka wino. Ilungwesi ilikuwa na ghala, na kwenye ghala mizigo 400: kilo 12,000 za mtama na uwele, chakula cha watu 400 kwa mwezi mmoja. Nikaliweka chini ya mti mkubwa, sokoni.

Kisha nikachora ramani, na hapa ndipo nilipojitia kitanzi, kwa sababu niliichora vizuri.

Manila haifai, inateleza na hainywi rangi. Tumia karatasi nyeupe isiyo na mistari. Majani ya chai vijiko vinne kwa nusu lita ya maji, chemsha dakika kumi, iache ipoe, paka na sponji mara mbili, anika kivulini. Ukianika juani inajikunja kama papi. Andika kwa peni ya kawaida, wino wake una mafuta, hautoki na maji. Peni za jeli zinalia machozi. Kingo ziunguze kwa mshumaa, kitambaa kibichi mkononi, sentimita moja kwa wakati. Mwisho ikunje mara nne, usugue vumbi kwenye mikunjo. Herufi tulitunga zetu 17, zote za mistari iliyonyooka, kwa sababu anayechonga mti kwa kisu hapendi kona za mviringo. Ila wenzangu hawakuweza kuzikariri, ikabidi pembeni niandike ufunguo wa ramani kwa Kiswahili: "Akiba: mizigo 400, chini ya mti mkubwa. Miguu 40 kutoka langoni, upande wa machweo."

Jumamosi ile nikaenda steshenari kutoa kopi tano. Ya kwanza ilikaa upande, dada akaitupa pembeni akatoa nyingine. Nikalipa, nikaondoka na zangu tano. Ile iliyokaa upande nikaisahau, na steshenari haitupi karatasi. Jioni yake ilikuwa imefunga maandazi.

Sasa kitu nisichokijua ni kwamba kopi ilikuwa ya kutisha kuliko ramani yenyewe. Madoa ya chai yalitoka meusi, kingo zilizoungua zikawa kama zimepona kwenye moto wa vita, na herufi zangu 17, kila aliyeziona alisema ni Kijerumani cha zamani. Aliyenunua maandazi alikula moja. Mengine yalipoa.

Kuhusu lango na miguu 40, naomba mnisamehe: onesha mtu wa Tabora lango lolote la nyumba ya zamani, halafu tembea miguu 40 upande wowote. Utakutana na mwembe.

Basi pale shimoni nikafanya kosa la kusema kweli. "Shikamoo mzee. Hiyo karatasi ni yangu. Ni mchezo."

Mzee wa ndoo akaniangalia juu mpaka chini. "Ndiyo wewe mwenye ufunguo?"

"Ufunguo ni hayo maandishi ya pembeni, mzee."

"Sisi tunauliza ufunguo wa sanduku."

Nikaona nitumie hesabu, silaha yangu siku zote. Nikawaambia sarafu zote za tembo zilizopigwa hapa zilikuwa kama 16,000, kila moja gramu saba na kidogo. Zote kwa pamoja hazifiki kilo 120, hazijazi mizigo minne ya mpagazi. Hiyo mizigo 400 itoke wapi?

Kimya. Kisha yule aliyekuwa shimoni akasema taratibu, "Kumbe hata uzito wake anaujua."

Mzee wa ndoo yeye alikuwa ameshapata jumla: tani 12. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Niliipiga mimi.

Saa saba mchana niliitwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Shimo lilikuwa limefika futi sita na limetoa chupa moja ya soda na kijiko kisicho na mpini. Mwenye nyumba analia na mizizi ya mwembe wake, wachimbaji wanadai nguvu zao, na mimi nimebeba kaunta buku kama ushahidi. Mwenyekiti akavaa miwani, akasoma. Alisoma muda mrefu. Alisoma kuni, alisoma wapagazi, akafika kwenye farasi 2,000 akasikitika kwa ulimi.

"Kijana, haya yote yametokea lini?"

"Hayajatokea, mzee."

"Na mbona yana hesabu?"

Sikuwa na jibu. Akaamua. Daftari la mihtasari lilikuwa limefungiwa kabatini kwa mtendaji, na mtendaji yuko msibani Nzega. Mwenyekiti akafunua ukurasa mweupe wa daftari lililokuwa mbele yake, ambalo ni letu, akachomoa peni mfukoni. Nikasema, "Mzee, naomba iwe penseli." Akaniambia serikali haiandiki kwa penseli.

Jumamosi iliyofuata mwalimu wa jiografia alisimama akausoma ukurasa huo kwa sauti ya kusomea matokeo ya darasa la saba: "Wananchi wamechimba shimo la futi sita chini ya mwembe wa Ilungwesi. Imekutwa chupa moja na kijiko kimoja. Ghala halina dhahabu. Mwenye ramani atalifukia shimo kwa gharama zake." Sahihi. Tarehe. Na muhuri wa mtaa, wa bluu, umekolea mpaka ukurasa wa nyuma.

"Mwembe," akarudia. "Asili ya mwembe ni wapi, ndugu mtunza daftari?"

"Asia," nikasema.

"Na huu umeandikwa kwa nini?"

"Kwa wino."

Akavuta kiti, akaliweka daftari mapajani, akafungua ukurasa mpya. Juu kabisa akaandika SIKUKUU YA MUHOGO, akaipigia mstari mara mbili kwa rula. Kiganja changu kilikuwa na malengelenge ya chepeo, hata kunyoosha kidole kupinga sikuweza. Fundi baiskeli alikuwa ameshaweka mkono wazi, anaisubiri peni.