Titi linatazamwa, soda haitazamwi

Jumapili moja mchana, kwenye mgahawa mmoja unaotazama bahari upande wa Raskazone, mdogo wangu alimweka kifuani mwanawe wa miezi minne, akajitanda mtandio. Mhudumu akaja kwa adabu, akainama: "Dada, kuna nafasi kule nyuma." Kule nyuma kulikuwa chooni. Mdogo wangu akanyanyuka, akanyonyesha amesimama kando ya sinki, na wali wake wa nazi ukapoa mezani.

Meza ya pili palikuwa na mtoto aliyeanza kukaa juzijuzi tu, baba yake akimnywesha soda kwa mrija. Watu wakacheka kwa mapenzi. Hakuna aliyeinama kumwambia neno.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza watu wa hapa Tanga wanaonaje, na wanaompinga mama wana hoja ambazo siwezi kuzipuuza. Mji wetu ni mji wa stara. Shangazi yangu, mkazi wa Ngamiani, anasema mtoto anayenyonya hatazamwi na kila mpita njia, asije akapatwa na jicho. Naye mwenye mgahawa anapokea watu wa kila aina, na mteja mmoja akinung'unika yeye ndiye anayehesabu hasara. Simlaumu kwa kuogopa.

Lakini nilipomuuliza shangazi yeye mwenyewe alinyonyesha wapi, akataja ndani ya basi, msibani na uani kwenye harusi, kanga begani. Hakutaja choo hata mara moja. Stara aliyofunzwa ilikuwa nguo, na wenzake kugeuza macho. Kumpeleka mtoto akale pale watu wanapojisaidia hakumo katika mila anayoitetea. Na wengi wetu tunaijua aya ya 233 ya Suratul Baqara, inayotaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha. Shirika la Afya Duniani nalo linasema maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi.

Wapo wanaoshauri mama anyonyeshe kabla ya kutoka nyumbani. Ushauri huo unatolewa kwa nia njema, ila mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Ukiagiza samaki wa kukaanga, ukamngoja, ukala, saa yake nyingine imeshafika. Kumwambia mama huyo amalizie nyumbani ni kumwambia asitoke. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mama anayenyonyesha muda wa hadi saa 2 kwa siku ndani ya saa za kazi. Kwa hiyo hata mhudumu yule, akijifungua, ana haki ya kumnyonyesha mwanawe katikati ya zamu. Mteja wake je?

Kuhusu chakula ambacho mteja anakuja nacho kutoka nje, mwenye mgahawa ana haki kubwa zaidi. Kibao cha kukataza kimewekwa kwa ajili ya wanaokuja na pilau yao wakakalia viti bure, na mtu akiugua jina linaloharibika ni la mgahawa. Hata hivyo kibakuli cha uji wa mtoto wa miezi 8 hakimnyang'anyi mtu biashara, kwa sababu jikoni hakuna anachoweza kuuziwa mtoto huyo badala yake. Nahisi hapo busara ya msimamizi ingetosha.

Tatizo kubwa liko kwenye sahani zetu wenyewe. Mchuzi wa watu wazima una chumvi nyingi kwa mtoto wa mwaka wa kwanza. Asali hapewi kabisa kabla ya kutimiza miezi 12, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli yake. Karanga nzima humkaba. Na soda humjaza tumbo sukari akakataa titi na uji. Yote hayo tunayafanya hadharani, tunapiga na picha. Mama anayetoa chakula salama kuliko vyote mezani ndiye anayeombwa asogee.

Sidai kila mgahawa ujenge chumba. Meza moja ya pembeni inatosha, kiti kikiwa kimegeukia ukutani, na mhudumu aliyeelekezwa kuuliza "Ungependa ukae wapi?" badala ya kuonyesha choo. Mama mwenye haya atakaa pale, asiye na haya atabaki alipo.

Wiki mbili baadaye tulikula kwa mama lishe mmoja Ngamiani. Mtoto alipoanza kulia, yule mama aligeuza benchi lielekee ukutani, akatoa kanga begani mwake. "Kaa hapa mwanangu, mnyonyeshe. Chakula chako nakiacha jikoni kisipoe."