Makro ya mipangilio inafaa ipungue kila mwaka

Faili la init.el, yaani faili la mipangilio, la mtu aliyekaa muda mrefu na Emacs, kihariri cha maandishi, huwa msitu. Mstari huu ulinakiliwa kwa fulani, ule uliwekwa kutibu kero ambayo hakuna anayeikumbuka, na yote hupakiwa kila programu inapowashwa. Ndiyo maana use-package, makro (amri fupi inayojipanua kuwa msimbo mrefu) iliyoanzishwa na John Wiegley mwaka 2012, ilipendwa na wengi: mambo ya pakeji moja, yaani nyongeza moja ya Emacs, yanakaa pamoja, vitufe vyake, vigeu vyake na kazi za kufanywa ikishapakiwa. Tangu Emacs 29 ya mwaka 2023 imo ndani kabisa, huhitaji kuisakinisha. Anayeanza leo namwambia aitumie bila wasiwasi.

Mimi nimeiacha, na sababu yangu ni moja. Makro ya mipangilio inatakiwa iandike kile ambacho ningeandika kwa mkono, isiniamulie mambo kimyakimya.

Chukua yasnippet, pakeji ya vijisehemu vya maandishi vinavyoingizwa kwa kifupi. Umeweka yas-global-mode, inayoiwasha kila mahali, ndani ya :config, neno la mambo ya kufanywa pakeji ikishapakiwa, ukiwasha Emacs modi inawaka, kila kitu shwari. Siku moja unaongeza mstari wa :bind, unataka tu C-c y iite yas-insert-snippet. Ukiwasha tena, vijisehemu vyako havipo! Hakuna kosa lililoripotiwa, hakuna onyo. Kilichotokea ni kwamba :bind, pamoja na kufunga kitufe, huahirisha upakiaji wa pakeji hadi kitufe kibonyezwe, na :config inasubiri nayo. Dawa ni kuongeza :demand t, yaani neno la tatu la kutengua athari ya neno la pili. Haya yote yameelezwa kwenye mwongozo, sikatai. Lakini mtu anayefunga kitufe anawaza kitufe, hawazi ratiba ya upakiaji.

:hook, neno la kuunganisha kazi na tukio kama vile kuwaka kwa modi fulani, nalo lina vituko vyake. Unaandika prog-mode, yenyewe inamalizia -hook. Ukiwa mwangalifu ukaandika jina zima, unapata prog-mode-hook-hook, kigeu ambacho hakipo duniani.

Makro yangu inaitwa tumia. Ilipokuwa changa ilikuwa na maneno mengi, karibu kila lililokuwa kwa wakubwa nililiiga. Sasa matumizi yake ni haya:

(tumia yasnippet
  :vitufe ("C-c y" yas-insert-snippet)
  :sasa (yas-global-mode 1))

Na ikipanuliwa:

(progn
  (keymap-global-set "C-c y" #'yas-insert-snippet)
  (yas-global-mode 1))

Basi. Lipo pia :baadaye, ambalo hufunika kilichomo kwa with-eval-after-load, yaani kifanyike pakeji ikishapakiwa. :vitufe haligusi upakiaji hata kidogo. Nikitaka kuchelewesha kitu nakichelewesha kwa jina lake. Kila nikibadilisha makro naweka kielekezi mwisho wa fomu, yaani mabano yake, naita pp-macroexpand-last-sexp inayoonyesha makro ikipanuliwa, nasoma kilichotoka. Nikikuta mstari ambao nisingeuandika mwenyewe, neno lililouzaa linaondoka.

Kinachosaidia kupunguza ni Emacs yenyewe. with-eval-after-load ilikuja na toleo la 24.4, na tangu hapo kuahirisha kazi hakuhitaji ujanja. Toleo la 29 likaleta setopt, ambayo huweka kigeu na kuita kisetio chake (kazi maalumu ya kukiweka) kama kinacho, nikafuta neno langu la vigeu siku hiyohiyo. Toleo hilohilo likaleta keymap-set na keymap-global-set, zinazokataa kitufe kilichoandikwa vibaya badala ya kukimeza. Mwenye makro ya zamani asome faili la NEWS, linaloorodhesha mabadiliko, kila toleo jipya likitoka. Mara nyingi kuna kitu cha kufuta.

Najua hoja ya upande wa pili. use-package imepimwa na watu wengi, na ukiomba msaada jibu huja limeandikwa kwa use-package. Ni kweli, kunakili kwangu sasa kuna kazi ya kutafsiri. Ila leaf na setup, makro nyingine za aina hii, zipo, na setup inakuruhusu kubuni maneno yako mwenyewe kwa setup-define, kwa hiyo si mimi peke yangu ninayewashwa. Hoja ya kasi ndiyo isiyonishawishi. Watu huweka use-package-always-defer, inayoahirisha kila pakeji, kisha wanashinda kwenye use-package-report, ripoti ya upakiaji, wakiwinda milisekunde, na wengine wao huendesha Emacs kama demoni, yaani programu inayokaa nyuma ya pazia, inayowashwa mara moja kompyuta ikiamka. Milisekunde hizo wanamwokolea nani?

Usakinishaji nao nimeutoa kwenye makro. Orodha ya package-selected-packages inatosha, na kwenye mashine mpya naita package-install-selected-packages.

Lililobaki gumu ni pakeji inayosubiri nyingine mbili zipakiwe. use-package ina :after kwa hilo, na nimeshaandika lile la kwangu na kulifuta. Kwa sasa naweka with-eval-after-load moja ndani ya nyingine. Inachukiza macho, lakini mpangilio wake naujua bila kupanua chochote.