Nusu Saa ya Magharibi: Imani ya Mwanafunzi na Huruma ya Mwalimu

Mwanzoni mwa Machi 2025, Ramadhani na Kwaresima zilianza zikiwa zimepishana siku chache tu. Nilikuwa kidato cha sita, mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), katika shule ya bweni ya serikali, na mtihani wa taifa ulikuwa unatusubiri Mei. Mimi ni Mlutheri, na mwaka ule nilikuwa katibu wa UKWATA, umoja wa wanafunzi wa Kikristo, pale shuleni. Jirani yangu wa deka, aliyelala kitanda cha juu, ni Mwislamu. Tulifunga sote, kila mmoja kwa namna yake, lakini yeye ndiye aliyepata taabu, na taabu yenyewe ilianzia jikoni.

Bwalo letu lilianza kupakua chakula cha jioni saa kumi na moja na kufungwa saa kumi na mbili. Jua linazama saa kumi na mbili na nusu na ushee. Saa moja kamili inagongwa kengele ya prepo, yaani kujisomea usiku. Kwa hiyo aliyefunga alichukua ugali na maharage yake mapema, akaenda navyo bwenini, akavifunika kwa sahani nyingine, akangoja adhana, akala vikiwa vimepoa, akaswali, kisha akakimbilia darasani na kukuta jina lake limeshaandikwa na kiranja. Mwaka mmoja nyuma, chini ya mkuu wa shule mwingine, waliochelewa kwa sababu hiyo walipigishwa magoti mlangoni pamoja na waliochelewa kwa uvivu. Niliwapita pale nikiwa na daftari mkononi na sikusema neno.

Mkuu wa shule wa mwaka 2025, naye ni Mkristo, tena mzee wa kanisa, alilimaliza jambo lile kwa dakika tano mstarini. Sufuria la waliofunga libaki jikoni hadi adhana. Prepo ya shule nzima ianze saa moja na nusu, iishe saa nne na nusu. Baadhi ya wenzangu walinung'unika kwamba kwa nini wote wacheleweshwe kulala kwa ajili ya wachache. Baada ya wiki moja manung'uniko yaliisha, kwa sababu ile nusu saa ilimfaa kila mtu: wa kufua soksi, wa kumalizia zoezi la Jiografia, hata sisi wa kwaya.

Nilimsifu sana mkuu yule na heshima yangu kwake haijapungua. Ila tangu nimalize shule kuna swali linalonisumbua. Kama nusu saa ile ilitoka moyoni mwa mtu mmoja, mwenye moyo mwingine akija anaweza kuifuta kabla ya chai ya saa nne. Je, imani ya mwanafunzi ndiyo iishi hivyo, kwa kutegemea nani amekalia kiti cha mkuu wa shule?

Wapo watu ninaowaheshimu wanaojibu kwamba shule ya serikali haipaswi kuhangaika na jambo hili kabisa. Wanashika Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 19, inayompa kila mtu uhuru wa imani na kuziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Shule ya serikali ni mamlaka ya nchi. Mwalimu analipwa kwa kodi ya Mwislamu, ya Mkristo, ya anayetambikia mizimu ya babu zake na ya asiyeamini chochote. Basi shule ifundishe Historia na Hesabu, na dini ibaki nyumbani, msikitini na kanisani.

Hoja hii ina mizizi katika historia yetu. Wazee wanasimulia jinsi shule nyingi nzuri zilivyokuwa za misheni wakati wa ukoloni, na jinsi watoto wa Kiislamu walivyosimama nje ya mlango ule, wengine wakibadilishwa majina ili waingie. Serikali ilipozitaifisha shule hizo kuanzia 1969 na 1970, shabaha mojawapo ilikuwa kuufungua mlango kwa watoto wote. Anayesema leo kwamba dini isirudi kwenye uendeshaji wa shule anakumbuka maumivu ya watu halisi, na si haki kumwita adui wa Mungu.

Nami nilikuwa shuleni, niliona dini inavyoweza kuharibu mambo. Niliona mikesha ya maombi ya wiki ya mtihani, mtu akiamini kwamba akiombewa sana hatahitaji kusoma sana. Niliona TYCS ya Wakatoliki, CASFETA ya Wapentekoste na sisi UKWATA tukigombania darasa moja lenye taa nzima, na TAMSYA, chama cha wanafunzi wa Kiislamu, wakiambulia chumba cha stoo kwa sababu hawakuwa na mwalimu mlezi wa kuwasemea. Niliona pia kipindi cha dini cha kila wiki. Shekhe wa msikiti wa jirani alikuja, katekista alikuja, mchungaji alikuja, na wanafunzi wakagawanyika. Waliobaki bila kundi waliitwa wapagani, wakapewa fyekeo wakate majani nyuma ya vyoo. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akibaki kila wiki alikuja kujiandikisha kwetu muhula wa pili. Nilimpokea kwa furaha, nikaandika jina lake kwenye daftari la wanachama. Sasa hivi sijui kama nilimpata kwa Injili au kwa fyekeo, na kwangu hilo ni jambo zito.

Hata hivyo, siwezi kuifuata hoja ile hadi mwisho, kwa sababu mwanafunzi wa bweni hana nyumbani kwa miezi kadhaa. Ukimwambia aache dini yake nyumbani wakati hapo bwenini ndipo anapoamka, anapokula, anapougua na anapopokea habari za msiba, unamwambia aishi bila dini hadi likizo. Baba wa mwenzetu alipofariki katikati ya muhula, waliokesha naye walikuwa vijana wa TAMSYA. Walimsomea, wakamchangia nauli kutoka kwenye vijisenti vya sabuni, wakamsindikiza stendi alfajiri. Hakuna kanuni ya shule iliyowatuma. Anayetaka kulifuta kundi lile kwenye ramani ya shule aseme nani atafanya kazi ile usiku ule.

Tena dola ikisema haina dini, isisahau kwamba nayo ina ibada zake za asubuhi: bendera, mstari, wimbo wa taifa. Mkoani Mbeya wanafunzi wa Mashahidi wa Yehova walikataa kuimba wimbo wa taifa kwa sababu ya imani yao. Walikuwa tayari kusimama kwa utulivu na heshima, lakini midomo yao isiimbe. Wakaadhibiwa kwa kuondolewa shuleni. Kesi yao, iliyobeba majina zaidi ya 120, ilishindwa Mahakama Kuu, kisha Julai 2013 Mahakama ya Rufani ikawapa haki. Mimi naimba wimbo ule kwa moyo wote, na nadhani kila Mtanzania angepaswa kuupenda. Lakini niliposoma habari hiyo nilifikiria miaka iliyopita kati ya asubuhi waliyofukuzwa na siku ya hukumu. Mtoto hawi tena wa kidato cha tatu kwa amri ya mahakama.

Jirani zetu wa Kenya wamepita njia hiyohiyo wakakwama mahali pengine. Huko shule nyingi za umma zina mdhamini, yaani kanisa au taasisi ya dini iliyoanzisha shule au kutoa ardhi. Isiolo, katika shule ya mchanganyiko ya kutwa ya St Paul's Kiwanjani, inayodhaminiwa na Kanisa la Methodisti, wasichana wa Kiislamu walitaka kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Kanisa lilishinda Mahakama Kuu mwaka 2015, wasichana wakashinda Mahakama ya Rufaa mwaka 2016, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua ushindi huo, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya namna dai lilivyofikishwa mahakamani, ikaielekeza bodi ya shule ikae na wahusika na kutengeneza kanuni. Miaka minne ya mahakama ikaishia kwenye meza ya bodi.

Kwetu hijabu ya rangi ya sare katika shule za serikali ni jambo la kawaida, na ninalishukuru. Lakini kesi hizi mbili zinaonyesha kitu kimoja kinachowapita wengi wanaobishana kuhusu dini shuleni. Ugomvi hauanzii kwenye Katiba. Unaanzia kwenye kengele, sare, sahani, Jumamosi. Unaanzia mahali ambapo mwalimu wa zamu, akiwa amechoka na ana watoto mia nne mbele yake, anaamua peke yake.

Hapa nataka kumsemea mwalimu. Ni rahisi kumlaumu, nami nina mmoja ninayeweza kumlaumu: alikuwa akipima tabia ya mtu kwa mahudhurio ya kipindi cha dini, na akitafuta viranja aliwatafuta kanisani kwake. Lakini wengi walionifundisha walikuwa wakihangaika kwa nia njema. Kwenye viboko, kwa mfano, serikali iliandika: visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Unaweza kuvichukia viboko, kama mimi, na kanuni huvunjwa, sote tunajua. Ila ipo, na mzazi anaweza kuishika mkononi akaenda nayo ofisini. Lakini kwetu, mwanafunzi aliyetaka kujua atakula wapi jua likizama hakuwa na karatasi ya kuishika. Yeye na mwalimu wake waliachwa wakikisia. Mwalimu mwema alikisia kwa wema, mkali akakisia kwa ukali, na mwoga akanyamaza hadi mzazi mwenye sauti aje.

Ndiyo maana nasema muda wa ibada uwekwe kwenye ratiba ya shule iliyoandikwa, ijadiliwe na bodi mbele ya wazazi wa dini zote, na ibandikwe ubaoni pamoja na ratiba ya masomo. Haki isiyokuwa kwenye ratiba hugeuka hisani, na mwenye kupewa hisani hujifunza kujipendekeza.

Najua ugumu wake, na sitaki kuupita haraka. Mwenzangu mmoja Msabato alinipinga kwa swali moja: na Jumamosi? Shule yetu ilifanya majaribio ya Jumamosi asubuhi, kwa sababu ndiyo siku pekee ambayo madarasa yote yalikuwa wazi. Yeye alikosa majaribio, akapewa mengine Jumapili mchana, peke yake, pale tu mwalimu wa somo alipopata nafasi. Ukiweka Ijumaa mchana kwa Waislamu, Jumamosi kwa Wasabato, Jumapili kwa wengine, na jioni moja moja kwa kila chama, wiki inabaki na nini? Na aliye peke yake, wa imani ambayo haina chama wala mlezi, ataandikwa na nani?

Sina jibu linalowatosha wote. Ninachoweza kusema ni kwamba tofauti ipo kati ya kumpa mtu muda na kumpa mtu darasa, taa, kipaza sauti na daftari la mahudhurio. Muda shule inaweza kumudu. Nusu saa ya magharibi haikutupunguzia hata dakika moja ya prepo, ilisogeza tu. Majaribio yangeweza kuhamia Jumatano jioni bila mtu kufeli. Mengine, kama nani apate ukumbi na nani amlete mhubiri, yaje baadaye na kwa zamu. Na kipindi cha dini kibaki kwa anayekitaka, naye asiyekitaka akae maktaba na kitabu chake. Fyekeo lirudi stoo. Wanaotaka kuisomea dini kama somo wana Elimu ya Dini ya Kiislamu na Maarifa ya Biblia kwenye mtihani wa kidato cha nne, na humo hakuna anayekuuliza kama umeswali.

Kwa mwenye shule ya dini nina neno jingine. Seminari ni nyumba ya watu, na mzazi anayempeleka mtoto anajua anampeleka wapi. Mimi nazungumzia shule ambayo mtoto alipangiwa na serikali, akapewa jina la shule kwenye orodha, akabeba godoro na ndoo akaenda.

Mdogo wangu alipangiwa pale pale. Juzi alinipigia kwa simu ya patroni, akaniambia wana mkuu mpya, mtu mchapakazi, amepaka mabweni rangi na amenunua vitabu. Nikamuuliza prepo inaanza saa ngapi. Akasema saa moja. Nikamuuliza sufuria.

"Sufuria gani, kaka?"

Nimemwomba anitafutie namba ya mwenyekiti wa bodi.