Bahasha yangu alikuwa anaijaza mama

Mimi nimekulia Machame, Kilimanjaro, KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) toka tumboni, na sasa ni mwaka wa sita nipo Leipzig, Ujerumani, natunza wazee. Naomba niseme kidogo kuhusu hii kauli ya "Ulaya inaua imani", maana wabongo wenzangu wanaisema kila siku na mimi mwenyewe niliisema miaka miwili mizima.

Nyumbani sikuwahi kuamua kwenda kanisani. Jumapili kengele inalia, mama anagonga mlango, ukikosa ibada mbili mzee wa kanisa huyo mlangoni anauliza kulikoni, na jumuiya ikija kwenu wewe ndo unapanga viti. Kipaimara tulipata kundi zima, Katekisimu Ndogo ya Luther nimeikariri mpaka ukiniamsha usiku wa manane nakujibu, gauni jeupe, mbuzi, picha, imeisha hiyo. Nikajua nina imani kumbe nilikuwa nimebebwa mgongoni.

Nilivyofika huku nikaenda kujiandikisha makazi, fomu ina sehemu ya dini, na ukijiandika Mlutheri unakatwa kodi ya kanisa, hapa Sachsen, jimbo la Leipzig, ni asilimia 9 ya ile kodi yako ya mapato (sio asilimia 9 ya mshahara, watu wanachanganya sana hapa). Aliyenisindikiza akaninong'oneza, dada acha wazi, utaokoa hela. Nikaacha wazi. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, hakuna aliyenilazimisha, nikaruka ule mstari nikasaini chini. Tena kwenye mji huu huu ambao wamisionari wake walifika Machame 1893 na ukoo wetu ukabatizwa!

Baada ya hapo sababu hazikuisha, mara shifti za wikiendi, mara baridi, mara Kijerumani cha mahubiri kigumu. Nikawa naweka mahubiri ya YouTube huku nakunja nguo, nikizidiwa namtumia mtumishi meseji aniombee, yeye anajibu "pokea" na mimi naendelea na maisha. Kuombewa sio kosa jamani, ila mimi Biblia nilikuwa siifungui kabisa, wale Waberoya kwenye Matendo 17 walimsikia Paulo mwenyewe na bado wakaenda kuyachunguza maandiko kila siku.

Kilichonigeuza ni bibi mmoja ninayemhudumia. Siku moja namchana nywele akanisimulia alivyokuwa na miaka 14 enzi za Ujerumani Mashariki, darasani kwake wenzake wote wakaenda kwenye ile sherehe ya vijana ya serikali kula kiapo cha ujamaa, yeye akakataa akapata kipaimara, na akajua kabisa hiyo inaweza kumnyima nafasi ya kuendelea na masomo, na kweli akanyimwa. Nikamuuliza wazazi walikulazimisha? Akasema hapana, baba aliniambia uamuzi ni wako na utaubeba wewe. Nilibaki nimeshika kitana. Miaka 14, na mimi mtu mzima ule mstari wa fomu ulinishinda.

Kwa hiyo naona tuache kuisingizia Ulaya. Huku hakuna anayekuzuia kusali, kilichopungua ni watu wa kukusukuma tu, na Paulo alishawaandikia Wafilipi wautimize wokovu wao wenyewe, tena akasema hata yeye asipokuwepo.

Nilienda kwa mchungaji wa mtaa na cheti changu cha ubatizo, nikaandikwa, kodi inakatwa. Halafu nikampigia mama, ndo nikajua kumbe muda wote huo bahasha yangu ya sadaka ya ahadi kule usharikani ilikuwa inajazwa, namba yangu, jina langu, hela zake za ndizi. Nikamwambia mama usiweke tena. Akanyamaza, kisha kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo umeacha, mwanangu?" Nikamwambia hapana mama, ya huko nitatuma mwenyewe na huku nimeshaandikwa. Akaniuliza ibada yenu inaanza saa ngapi, nikamwambia saa nne asubuhi, akasema haya, saa nne yenu na mimi nitakuwa napiga magoti.